Baiskeli ya Sekela na Wadai Watatu

Kaeni vizuri, na mwenye simu aifunike. Nitawasimulia jambo moja, kisha nitawaachia kazi, kwa sababu mimi limenishinda.

Palikuwa na waendesha baiskeli watatu, na kila mmoja alikuwa na kitu ambacho wenzake hawana.

Wa kwanza aliitwa Masunga Luhende, fundi baiskeli wa Kahama. Kipaji chake kilikuwa masikio. Masunga aliweza kukaa ameipa barabara mgongo, baiskeli ikapita, akasema, "Huyo cheni imelegea," au, "Huyo ana spoki moja ya nyuma haifiki kesho." Hakugeuka kuhakikisha, maana hakuwa na haja.

Wa pili aliitwa Tumpe Mwasomola, mshonaji wa Tukuyu. Kipaji chake kilikuwa mikono. Alishona ile mifuko inayofungwa kwenye usukani, ndani ya fremu na nyuma ya kiti, ambamo mwendeshaji wa safari ndefu hutia kila kitu chake: blanketi, chakula, dawa, tyubu za akiba. Mshono wa Tumpe ukiuvuta kwa nguvu, kitambaa ndicho huchanika, uzi ukabaki.

Wa tatu aliitwa Jerono Kiptui, kutoka Iten, Kenya. Kipaji chake kilikuwa mapafu. Mlima ambao wengine waliupanda wakiwa kimya, yeye aliupanda akipiga soga.

Watatu hawa walikutana kwenye Mbio za Nyanda. Ni kilomita mia tisa za vumbi na changarawe kwenye nyanda za juu za kusini, na huchukua siku tano, kwa wengine saba. Hakuna gari la kukufuata, hakuna fundi wala mpishi. Unachokihitaji unakibeba, na usichokibeba unakikosa. Kwa hiyo washiriki hupima mizigo yao kwa gramu, na wapo wanaokata mipini ya miswaki.

Na alikuwepo wa nne, Erasto Mwaisumo, mpima ardhi mstaafu wa miaka sitini na mmoja. Huyu hakuwa na kipaji chochote barabarani. Alikuwa na ahadi.

Baiskeli aliyoendesha ilikuwa ya mkewe, Sekela. Sekela aliiunda mwenyewe kwa miaka miwili, kipande baada ya kipande, akajiandikisha kwenye mbio, kisha maradhi yakamwahi. Wiki mbili kabla hajafariki alimwita mumewe akae kitandani, karibu na miguu yake.

"Erasto, ile baiskeli usiitundike ukutani."

"Nitaitunza."

"Hapo ndipo unaponikosea. Sitaki itunzwe. Iendeshe kwenye Mbio za Nyanda mara moja, kwa niaba yangu. Halafu usirudi nayo nyumbani. Mpe mtu mmoja."

"Mtu gani?"

"Yule ambaye bila yeye usingefika. Utamjua."

Erasto aliahidi. Alimzika mwezi wa tatu, na mwezi wa nne akaanza kujifunza kupanda milima.

Sasa, mbio hizi zina desturi yake. Kwa kuwa hakuna fundi njiani, siku moja kabla ya kuondoka kila mshiriki hukagua baiskeli ya mwenye namba inayofuata yake. Akiridhika huchora alama ya chaki kwenye fremu, na baiskeli isiyo na alama haiondoki. Masunga alikuwa namba ishirini na tatu na Erasto ishirini na nne. Masunga akaigeuza baiskeli ya Sekela juu chini, akazungusha gurudumu la nyuma, akafumba macho na kusikiliza.

"Mzee, hii inaimba," alisema. "Aliyeifunga hii ana mkono."

Kisha akafika kwenye mfuko wa usukani. Mkanda mmoja ulikuwa na mkia wa shibiri nzima, wenye fundo mwishoni. Waendeshaji hukata mikia hiyo na kuichoma ncha kwa kiberiti, isije ikaingia kwenye spoki.

"Huu mkia ungekatwa."

"Hilo fundo alilifunga marehemu," Erasto alisema. "Vidole vyake vilikuwa vimeishiwa nguvu. Alilifunga ili apate pa kushika."

Masunga akaukunja mkia mara tatu, akauchomeka chini ya mfuko, akachora chaki.

Wenye zaidi ya miaka hamsini huondoka siku moja mapema. Erasto aliondoka nao, na Tumpe pia, kwa kuwa alikuwa na hamsini na miwili. Masunga na Jerono waliondoka kesho yake pamoja na vijana, wakiwafukuza. Masunga alikuwa ameshika nafasi ya pili mara tatu katika mbio hizi, na mara zote tatu aliyemtangulia alikuwa Jerono.

Asubuhi ya siku ya nne ya safari yake, saa moja kasoro dakika nane, Erasto alikuwa akiteremka mteremko wa Nyalawi ndani ya ukungu mzito. Mvua ya usiku ilikuwa imeulowesha mfuko wa mbele, ukashuka kidogo. Ule mkia ukachomoka, ukaingia kwenye spoki. Gurudumu la mbele lilisimama. Erasto hakusimama.

Alipofumbua macho alikuwa amelala kichwa chini, miguu juu, ameegemea kisiki cha msonobari. Barabara ilikuwa juu yake kwa mita nane, labda tisa. Kazi yake ya zamani ilimfanya apime kabla hajaogopa. Baiskeli ilikuwa pembeni, magurudumu juu, na lile la nyuma lilikuwa bado linazunguka, likitoa mlio wake mdogo wa tiki-tiki-tiki kana kwamba hakuna kilichotokea. Halafu akaona paja lake. Meno ya gia yalikuwa yamelipasua, na damu haikuwa inatiririka. Ilikuwa inaruka, inatulia, inaruka.

Akataka kuita. Kinywa kilifunguka, sauti haikuwepo.

Masunga ndiye aliyekuwa akiongoza mbio asubuhi ile. Jerono alikuwa nyuma yake kwa dakika tatu, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne Masunga alijua kwamba anaweza kushinda. Alikuwa akishuka kwa kasi, upepo masikioni, changarawe ikinguruma chini ya tairi. Katikati ya kelele hizo akasikia gurudumu linazunguka upande wa kushoto, chini, mahali pasipo na barabara. Akafunga breki mpaka baiskeli ikalala. Alikaa kimya, mkono juu, kama mtu anayezuia wengine wasiongee, ingawa alikuwa peke yake. Tiki-tiki. Tiki. Ikakoma.

"Hiyo ni ya mzee," alisema kwa sauti.

Alishuka kwa makalio, akishika nyasi. Alipomwona Erasto alisema neno moja la Kisukuma ambalo sitalirudia hapa, akalibana paja kwa mikono yote miwili. "Mzee wangu, niangalie mimi. Usiangalie huko. Niangalie mimi." Damu ikapungua lakini haikukoma, na Masunga akagundua jambo la kutisha: akiondoa mikono, mtu anakufa; asipoiondoa, hawezi kwenda popote.

Jerono alifika baada ya dakika tatu kamili. Akaiona baiskeli ya Masunga imelala njiani.

"Masunga! Umechoka, ama umeamua kunipea ushindi?"

"Jerono, shuka! Mzee anakufa huku!"

Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo. Kutoka chini Erasto aliona kiatu cha Jerono, cha rangi ya chungwa, kikiwa juu ya pedeli. Hakikuondoka. Erasto, ambaye hakuwa na kazi nyingine ya kufanya, alihesabu. Moja, mbili, tatu. Alifika kumi na moja. Ndipo kiatu kikashuka ardhini, na baiskeli ikatupwa kwa kishindo.

Jerono aliteremka, na alipoona paja alijishika mdomo. Akatoa simu: hakuna mtandao. Masunga alijaribu kumwonyesha simu yake kwa kidevu, kwenye mfuko wa shati. Nayo haikuwa na mtandao. Njia ya chini haikuwa na maana, kwani daraja lilikuwa limebebwa na maji wiki ile. Baiskeli zilivushwa begani, gari lisingepita. Gari lingetoka juu tu, kijijini, kilomita tisa za mlima ambao watu wote walikuwa wanashukuru kuumaliza.

"Mimi ningetumia saa moja na nusu," Masunga alisema. "Kama miguu ingekubali."

"Wewe shikilia hapo," Jerono alisema.

Akapanda barabarani. Akafungua kila mfuko uliokuwa kwenye baiskeli yake na kuutupa: blanketi, chakula, maji, koti la mvua, taa. Akabaki na chuma na miguu. Alipanda mteremko wa Nyalawi kwa dakika arobaini na moja. Alipofika kijijini alitapika kwanza, ndipo akaongea. Watu wawili waliokuwa wakipakia viazi kwenye pikapu walimsikiliza, wakatazamana, wakaanza kushusha magunia bila kumuuliza swali hata moja.

Lakini mtu anayevuja damu vile hangojei dakika arobaini na moja. Dakika kumi baada ya Jerono kuondoka, mikono ya Masunga ilianza kulegea, damu ikapata upenyo kati ya vidole.

"Mzee, usilale."

"Silali," Erasto alisema. Aliona ajabu kwamba hakuhisi maumivu, alihisi baridi tu, tena baridi ya mbali, kama ya mtu mwingine.

Tumpe alitokea kwenye ukungu akishuka polepole, breki zikilia. Aliona baiskeli moja, mifuko iliyotupwa, na alama ya tairi iliyokwenda mpaka ukingoni ikaishia hapo. Aliteremka na zana zake, bila kuita mtu.

"Shemeji," alisema, maana yeye na Sekela walikuwa marafiki tangu shuleni. "Ndiyo nini hiki sasa?"

Hakungoja jibu. Alikata tyubu ya akiba kwa mkasi, akaizungusha pajani, juu kidogo ya jeraha, akaingiza ndani yake kile kijiti cha plastiki cha kung'olea tairi, akakizungusha na kukizungusha tena. Erasto alipiga ukelele, na ulikuwa ukelele wake wa kwanza tangu aanguke. Damu ikakoma.

"Toa mikono, mwanangu," Tumpe akamwambia Masunga. Masunga aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya kuazima.

Kisha Tumpe akapanda barabarani, akakaa kwenye matope, akaivua mifuko ya baiskeli yake, ile aliyoishona kwa miezi mitano na kuileta kwenye mbio ili watu waione, akaipasua mmoja baada ya mwingine. Kwa sindano nene na uzi wa kushonea tairi alishona machela yenye mikanda sita. Gari lilipofika, wanaume wa viazi walishika mikanda minne, Jerono mmoja, Masunga mmoja, wakavuta mtu mzima kwenye ukuta wa mita nane. Hakuna uzi uliokatika.

Kwenye hospitali ya wilaya walimpasua kwa saa tatu. Siku ya pili daktari alisimama kando ya kitanda, akawatazama wale watatu waliokuwa wameketi kwenye benchi moja na matope yao.

"Mzee huyu angechelewa kuonekana, nisingekutana naye. Angechelewa kufungwa mguu, nisingekutana naye. Angechelewa kuletwa, hivyo hivyo. Sijui mlifanyaje."

Mshindi wa mbio alikuwa mtu mwingine kabisa, aliyepita Nyalawi mchana akashangaa kuona mifuko imezagaa.

Ndipo Erasto akawaeleza maneno ya mkewe, yote, kama alivyoyasema. Baiskeli yenyewe, iliyoletwa na pikapu ile ile, ilikuwa imeegemea ukuta wa wodi, ikiwa na mikwaruzo miwili tu. Alipomaliza alingoja. Katika kungoja kule aligundua ndani yake jambo lililomshtua kuliko kuanguka: alikuwa na hakika kwamba wote watatu watakataa. Kwa adabu, kwa huruma, kwa kumheshimu mfiwa, watasema, hapana mzee, rudi nayo nyumbani. Na yeye angerudi nayo, ahadi ikiwa imetimizwa nusu, na hakuna ambaye angemlaumu. Hilo ndilo alilokuwa analitegemea tangu siku ya kwanza.

Jerono ndiye aliyeongea kwanza.

"Mzee, najua si adabu. Lakini mimi naitaka."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliweka kijiko chini.

"Na mimi naitaka," Masunga alisema, akitazama sakafu.

"Nami pia, shemeji," Tumpe akasema. "Nisamehe. Nami pia."

Erasto alihisi moyo wake ukigonga kwenye mshono wa paja.

"Semeni basi," alisema. "Kila mtu aseme lake."

"Mimi langu ni fupi," Masunga alisema. "Bila mimi usingeonekana. Huyu angepita, na yule angepita. Wangefika chini wakisema ukungu ulikuwa mzito."

"Angeonekana, halafu?" Jerono akamgeukia. "Ungekaa hapo ukimshika mguu hadi Krismasi. Gari lililetwa na nani?"

"Gari lingekuja kubeba maiti," Tumpe alisema taratibu. "Msinikasirikie. Ni hesabu tu."

"Sawa, mama, lakini tuseme yote," Jerono alisema. "Hii baiskeli ilikaguliwa. Alama ya chaki ile pale, imefifia lakini mimi naiona. Nani aliichora?"

Masunga hakujitetea. "Mimi. Ule mkia niliuona. Nilijua kabisa unaweza kufanya nini. Nikachora."

Tumpe akafunika uso kwa kanga. Jerono mwenyewe alionekana kujuta kuuliza.

"Mimi ndiye niliyemzuia kuukata," Erasto alisema.

"Hukunizuia, mzee. Ulinieleza tu. Mkaguzi nilikuwa mimi."

"Basi tuseme yote kweli," Jerono alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Pale juu, nilipoambiwa nishuke, nilisimama. Sijui kwa muda gani. Niliwaza, Masunga yuko naye, mimi naweza kwenda. Niliwaza hivyo. Hakuna mtu aliyeona, lakini niliwaza."

Erasto alijua ni kwa muda gani. Hakusema.

"Ukiipata utaifanyia nini?" alimuuliza.

"Nitaiendesha, hadi ikatike. Nina baiskeli za kampuni, zote za kukopeshwa, zote zinarudishwa. Sijawahi kuwa na moja iliyotengenezwa na mtu mwenye jina."

"Na wewe, Masunga?"

"Nitaiendesha pia. Na nitaisikiliza. Ninataka nijue alivyolifunga lile gurudumu. Nimefungua magurudumu elfu, sijasikia jingine kama lile."

"Tumpe?"

Machozi yalikuwa yanamshuka bila kelele.

"Mimi siwezi kukudanganya wewe. Sitaiendesha, ni ndefu kwangu. Nitaitundika kwenye karakana yangu, juu ya cherehani, niione kila nikiinua kichwa. Ninajua alikukataza. Lakini mimi hakunikataza. Na katika sisi watatu ni mimi peke yangu niliyempenda."

Gari la Jerono lilikuwa linaondoka mchana ule, basi la Masunga jioni. Muuguzi alileta chai. Erasto aliomba wamwache kwa muda wa kikombe kimoja, kisha warudi ndani wasikie. Wakatoka, wakakaa kwenye ngazi. Erasto alishika kikombe kwa mikono miwili, akaitazama baiskeli, akajaribu kuyasikia tena yale maneno: yule ambaye bila yeye usingefika. Hakuwa amefika mwisho wa mbio, ila alikuwa amefika pale akiwa hai. Sekela alisema mtu mmoja. Alisema utamjua. Naye alikuwa anawajua watatu.

Chai ikaisha. Akagonga kikombe kwenye chuma cha kitanda kuwaita, wakaingia, wakasimama mlangoni kwa mstari.

Ninyi mlionisikiliza, msiniambie aigawe. Baiskeli iliyokatwa vipande vitatu haimfikishi mtu. Msiniambie waiendeshe kwa zamu. Alisema mtu mmoja. Wala msiniambie arudi nayo nyumbani, maana mlango huo wameufunga wenyewe, na labda walimfanyia wema wa nne. Yupo aliyesikia mlio pasipo na barabara, naye ndiye aliyeipitisha baiskeli ile kwa chaki yake. Yupo aliyeukwea mlima mpaka akatapika, baada ya sekunde kumi na moja za kuwaza kuondoka. Na yupo aliyeifunga damu na kuipasua kazi ya miezi mitano, anayeitaka baiskeli kwa ajili ya lile moja tu ambalo marehemu alilikataa.

Wanamngoja aseme. Ungekuwa wewe uliyelala kitandani pale, ungetaja jina la nani?